Mama yangu hajahama kanisa alilobatiziwa: je, wokovu wake una shaka?

Binti wa Wete (muuliza swali)

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Swali hili ninalo moyoni tangu Kwaresima, na nimeona nilieleze kwa urefu ili mtakaonijibu mlijibu jambo lenyewe.

Nilizaliwa Wete, Pemba, katika nyumba ya Waanglikana. Nilibatizwa nikiwa mtoto mchanga kwa kumiminiwa maji kichwani, nikapata kipaimara nilipokuwa na miaka 13, na mpaka nilipohamia Unguja kwa ajili ya kazi sikuwa nimewahi kusali katika kanisa jingine. Hapa mjini mfanyakazi mwenzangu alinikaribisha katika kanisa la Kipentekoste, na huko ndiko nilikojifunza kuisoma Biblia mwenyewe kila siku na kuomba bila kitabu cha sala mkononi. Sijutii hata siku moja. Lakini mwezi uliopita, katika darasa la waumini wapya, tulifundishwa kwamba mtu aliyenyunyiziwa maji utotoni bado hajabatizwa, kwamba anayebaki katika makanisa ya dini, hata akiwa mcha Mungu kiasi gani, hajatoka Misri, na kwamba safina ya Nuhu ilikuwa na mlango mmoja tu. Mwalimu alipomaliza nilimwuliza juu ya mama yangu. Alinijibu kwa upole kwamba niendelee kumwombea atoke huko kabla hajafa.

Mama yangu ana miaka 78. Sala ya asubuhi huisema kwa sauti ya chini sana, kwa sababu nyumba zetu zimepakana na hapendi kumwamsha mtoto wa jirani. Sijui nimwombee atoke wapi.

Kuna jambo la pili. Jirani yetu mmoja Muislamu, mama mtu mzima aliyenilea kama mwanawe, aliniuliza nilipokwenda likizo kwa nini sisi Wakristo, tulivyo wachache hivi kisiwani, tunabatizana mara mbili. Nilinyamaza, kwa kuwa sikuwa na jibu.

Naomba kuelimishwa: je, wokovu wa Mkristo unategemea kuwa mshirika wa kanisa fulani? Na je, nibatizwe upya kwa maji mengi kama ninavyoelekezwa?

Mhubiri wa Amani

Dada, Bwana asifiwe sana. Mimi ni mhubiri katika kanisa la Kipentekoste, ingawa si lile unalosali, na nimelisoma swali lako mara tatu kabla ya kuandika.

Nianze na lile ninaloliamini kwa moyo wote. Maandiko yanasema, “Aaminiye na kubatizwa ataokoka, asiyeamini, atahukumiwa.” Imani imetangulia, maji yamefuata. Mtoto mchanga hawezi kuungama imani, na kwa sababu hiyo sisi tunabatiza watu waliokwisha kuamini, tena kwa kuwazamisha, kwa kuwa mtume Paulo anaufananisha ubatizo na kuzikwa na kufufuka pamoja na Kristo. Sitakuficha hilo ili nikupendeze.

Hata hivyo, mafundisho uliyopewa kuhusu mama yako sikubaliani nayo, na nasema hivyo nikiwa mtu wa upande huohuo. Waefeso 2:8 inatuambia tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, wala haikutokana na nafsi zetu. Iwapo kuhama kutoka jengo hili kwenda jengo lile ndiko kunakookoa, basi tumerudisha matendo kwa mlango wa nyuma. Safina ninavyoielewa ni Kristo mwenyewe. Uamsho wetu uliovuma mwaka 1906 kule Los Angeles, katika mtaa wa Azusa, chini ya William Seymour, uliwakusanya watu waliotoka katika makanisa mengi tofauti, na wengi wao walikuwa wamemwamini Yesu tangu zamani. Hawakudai kwamba Mungu ndiyo kwanza anaanza kuokoa.

Kinachonitia hofu ni Ukristo wa jina, mtu kuandikwa daftarini tu. Lakini daftari letu nalo lina majina ya namna hiyo. Kwa mama yako swali la kuuliza ni moja, kama anamwamini Bwana Yesu. Kwa maelezo yako mwenyewe, wewe unalijua jibu kuliko mwalimu wako.

Katekista wa Shangani

Tumsifu Yesu Kristo. Kanisa langu ndilo linalotajwa sana katika suala hili, kwa sababu usemi wa kwamba nje ya Kanisa hakuna wokovu umehifadhiwa kwetu kwa karne nyingi, na wapo Wakatoliki wanaoutumia kama rungu. Ni haki basi nieleze ulikotoka.

Mwenye usemi huo ni Mtakatifu Sipriani, askofu wa Karthago, katika nchi tunayoiita leo Tunisia, Mwafrika aliyekatwa kichwa kwa ajili ya imani mwaka 258. Aliandika pia kwamba hawezi kuwa na Mungu kuwa Baba yake mtu asiye na Kanisa kuwa mama yake. Wakati ule dhuluma ya Kaisari Decius ilikuwa imewatawanya waumini, wengine wakaikana imani, kisha wakatokea waliojitenga na kusimamisha askofu wao dhidi ya askofu halali. Maneno ya Sipriani yaliwaelekea watu waliokuwa wakilipasua Kanisa kwa makusudi mbele ya macho yake. Hakuwa akimfikiria bibi kizee wa Wete anayesali kabla ya jua kuchomoza.

Kuna jambo lingine juu ya Sipriani ambalo wanaomnukuu huliacha, nalo linagusa swali lako la pili moja kwa moja. Yeye alitaka kila aliyebatizwa na waliojitenga abatizwe tena akirudi. Stefano, askofu wa Roma, alikataa: kama mtu alibatizwa ipasavyo, awekewe mikono, basi. Ugomvi wao ulikuwa mkali, na Sipriani alikufa bila kubadili msimamo wake. Lakini Mtaguso, yaani mkutano wa maaskofu, wa Arles wa mwaka 314 uliamua kwamba aliyebatizwa kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu asibatizwe upya, na karne ile iliyofuata Mtakatifu Augustino, naye Mwafrika wa upande huohuo wa bara letu, akaeleza sababu alipojibizana na Wadonati, Wakristo wa huko waliokuwa wamejitenga: ubatizo ni wa Kristo, yeyote awaye anayemimina maji. Augustino aliandika pia kwamba wengi wanaoonekana kuwa nje wamo ndani, na wengi wanaoonekana kuwa ndani wako nje. Ndiyo maana mpaka leo Mwanglikana akija kwetu hatumbatizi tena, iwapo ubatizo wake unajulikana na hauna shaka.

Yako pia maneno makali yaliyoandikwa baadaye na mapapa, na siyakani. Ila Kanisa lenyewe limeonyesha jinsi ya kuyaelewa. Padri Leonard Feeney wa Boston, Marekani, alipofundisha kwamba kila asiyekuwa Mkatoliki rasmi amepotea, Roma ilimsahihisha kwa barua mwaka 1949. Na alipokataa kwenda kujieleza, alitengwa mwaka 1953. Kisha Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati zilizotangazwa siku moja, tarehe 21 Novemba 1964, ulisema kwamba waliobatizwa na kumwamini Kristo wameungana na Kanisa Katoliki, ingawa muungano huo haujakamilika, na kwamba Roho wa Kristo hutumia makanisa na jumuiya zao kuwa njia za wokovu. Mtaguso huohuo ulitugeukia sisi wenyewe: Mkatoliki asiyedumu katika upendo yumo ndani ya Kanisa kwa mwili tu, si kwa moyo, wala hataokoka.

Nisieleweke kwamba makanisa yote kwangu ni sawa. Naamini utimilifu wa njia za wokovu umo katika Kanisa Katoliki, na anayelijua hilo kwa dhamiri yake kisha akakataa kuingia anajitia hatarini. Lakini hatari hiyo siwezi kumbandika mtu mwingine kwa kumtazama anakwenda kusali wapi Jumapili.

Msomaji wa Bububu

Mimi si msomi wa theolojia. Naongeza neno moja tu. Yule mhalifu aliyesulubiwa kando ya Bwana hakubatizwa, hakuandikwa popote, wala hakupata nafasi ya kuhudhuria ibada hata moja, naye aliambiwa, “Leo hivi utakuwa pamoja nami peponi.”

Katekista wa Shangani

Ni kweli, ndugu yangu, na namshukuru Mungu kwa ajili yake. Ila yeye hakuwa na saa nyingine ya kuishi. Sisi tulio na miaka mbele yetu tumeambiwa tusiache kukusanyika pamoja, kwa hiyo habari zake zisiwe kisingizio cha mtu kukaa nyumbani.

Mzee wa Mkunazini

Mwanangu, salamu kwako na kwa mama yako. Nimesali Mkunazini, kanisa kuu la Kianglikana hapa Unguja mjini, tangu utoto wangu, na swali unalouliza liliwahi kuwaka moto katika dayosisi yetu hiihii kiasi cha kusikika hadi Uingereza. Vijana wengi hawaijui habari hiyo, kwa hiyo niruhusu nikae nayo kidogo.

Mwaka 1913 wamisionari wa madhehebu mbalimbali walikutana Kikuyu, Kenya: Waanglikana, Wapresbiteri wa Uskoti, Wamethodisti na wengineo. Walikusudia kuunda shirikisho ili Mwafrika aliyebatizwa na hawa asionekane mgeni kwa wale. Mwisho wa mkutano askofu wa Mombasa, William Peel, aliongoza Ushirika Mtakatifu ndani ya kanisa la Wapresbiteri, na wasio Waanglikana wakapokea. Habari zilipomfikia askofu wetu wa Zanzibar, Frank Weston, aliwashtaki Peel na askofu wa Uganda, John Willis, kwa Askofu Mkuu wa Canterbury kwamba wamefundisha uzushi. Katika barua yake ya wazi aliuliza Kanisa la Anglikana linasimamia nini hasa, kama askofu anaweza kuwapo au kutokuwapo na mambo yakawa yaleyale.

Weston hakuwa mtu mdogo wa moyo. Aliwapenda watu wa visiwa hivi, na mwaka 1923, mwaka mmoja kabla ya kufa, aliwaambia Waanglikana wenzake waliokusanyika London kwamba hawawezi kudai kumwabudu Yesu aliyemo altareni huku hawamhurumii Yesu aliyemo katika makazi ya maskini. Nimemtaja ili ujue kwamba hata mtu mtakatifu anaweza kulishika suala hili kwa ukali. Lakini angalia alichokuwa akikigombea: daraja ya uaskofu, na nani ashiriki Meza ya nani. Hayo ni mambo ya utaratibu wa Kanisa, tena mazito. Si hukumu juu ya roho ya Mpresbiteri. Watu huyachanganya mambo hayo mawili kila siku, na naona mwalimu wako ameyachanganya pia. Mwaka 1920 maaskofu wa Kianglikana waliokutana Lambeth, Weston akiwa miongoni mwao, walitoa wito kwa Wakristo wote, wakikiri kwamba kila anayemwamini Bwana wetu Yesu Kristo na aliyebatizwa kwa jina la Utatu Mtakatifu ni mshirika pamoja nao wa Kanisa la Kristo la ulimwengu mzima.

Ukija Mkunazini, nenda mbele karibu na altare, mahali palipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873. Utaona msalaba uliochongwa kutoka katika mti wa Chitambo, nchini Zambia, ambao chini yake ulizikwa moyo wa David Livingstone. Livingstone hakuwa Mwanglikana. Aliwekewa mikono mwaka 1840 kwa desturi ya makanisa yasiyo na maaskofu kabisa. Na bado ni wito wake katika chuo kikuu cha Cambridge mwaka 1857 ulioizaa misheni iliyokuja kujenga kanisa letu kuu, ikamleta Askofu Steere aliyeifasiri Injili kwa Kiswahili cha Unguja, na baadaye ikamleta Weston mwenyewe. Kama uzima wa Kristo haupiti nje ya mipaka ya kanisa moja, basi sisi wa Mkunazini tungekuwa na kazi ngumu ya kueleza tumetoka wapi.

Kuhusu kubatizwa tena, jibu langu ni hapana, kwa sababu ileile aliyoitoa ndugu yangu katekista. Mtume aliwauliza Wakorintho, “Je! Kristo amegawanyika?” na papo hapo akawauliza, “Mlibatizwa kwa jina la Paulo?” Ukikubali kubatizwa upya, utakuwa umesema kwamba siku ile pale Wete halikufanyika lolote. Mimi siwezi kukushauri useme hivyo.

Mjukuu wa Banani

Nawasalimu wote. Babu wa mama yangu alikuwa miongoni mwa watu waliopata kazi na hifadhi katika shamba la Marafiki pale Banani, Pemba. Marafiki, wanaoitwa pia Kweka, walikuja mwaka 1897, mwaka uleule sheria ilipoacha kuutambua utumwa Unguja na Pemba, ili waliotoka utumwani wapate mahali pa kufanya kazi kwa ujira na kujifunza.

Nachangia kwa sababu naona wote waliotangulia, pamoja na tofauti zao, wanahesabu kuanzia majini. Marafiki hawabatizi kwa maji, wala hawana Meza ya Bwana. Wanaamini ubatizo ni kazi ya Roho ndani ya mtu, na ibada yao ya asili ni kukaa kimya wakimngojea Mungu. Jeshi la Wokovu nalo haliadhimishi sakramenti hizo. Je, watu wale waliovuka bahari kwa ajili ya wanyonge kwa sababu ya Kristo, hamtawahesabu kwa kuwa hawakulowa? Naomba jibu la kweli. Baba yangu alihamia kwa Waanglikana na mimi nimebatizwa kwao, wala sijuti, lakini sijawahi kukubali kwamba babu yule alikuwa nje.

Mzee wa Mkunazini

Swali lako ni zito, na sitalikwepa. Nadhani Marafiki wameacha jambo ambalo Bwana aliliagiza, nami nasikitika kwa hilo. Lakini nakumbuka nyumba ya Kornelio, yule akida wa Kirumi, ambako Roho aliwashukia watu kabla ya maji, hata Petro akauliza ni nani awezaye kuwakatalia maji watu waliopokea Roho Mtakatifu kama sisi. Petro alikuta Mungu amemtangulia. Kisha aliamuru wabatizwe, ni kweli, wala hakusema maji hayana kazi. Sisi tumefungwa na sakramenti kwa kuwa tumeagizwa. Mungu aliyeagiza hakujifunga mwenyewe. Babu yako namwacha mikononi mwa huyo Mungu bila wasiwasi.

Mhubiri wa Amani

Kwa jambo la Kornelio nakubaliana na mzee kabisa. Kwa jambo la ubatizo wa watoto sijabadilika, wala sidhani tutalimaliza hapa, kwa maana watu wenye imani iliyo hai wamelijadili kwa karne tano. Ila nimwambie dada kitu kimoja: mchungaji mwema hamzamishi mtu mwenye dhamiri inayotetemeka. Ukiingia majini ili mwalimu akuhesabu kuwa mmoja wetu, au kwa hofu kwamba usipoingia utamkosa Mungu, hiyo haitakuwa imani hata kwa mafundisho yetu sisi. Ngoja. Mweleze mchungaji wako wazi unavyoona. Akikufukuza kwa sababu ya swali, utakuwa umejua jambo muhimu kuhusu kanisa hilo.

Binti wa Wete

Nimewasoma nyote, na namshukuru kila mmoja, hata pale mnapopingana. Nilidhani nitapata jibu moja; nimepata majibu kadhaa, lakini juu ya mama yangu hakuna hata mmoja aliyeniambia alichoniambia mwalimu wangu, si Mpentekoste, si Mkatoliki, si Mwanglikana. Hilo limenitua mzigo mkubwa.

Sitahama kanisa ninalosali sasa. Nimemwona Mungu pale. Lakini sitaingia majini kwa sasa, na Jumapili nitamwomba mchungaji nafasi ya kuzungumza naye faraghani. Nitamwuliza kama naweza kupokelewa kuwa mshirika kwa ungamo la imani, bila kuukana ubatizo wangu. Pasaka nitapanda boti kwenda Pemba na nitakwenda kanisani na mama, nikae naye benchi moja. Tangu nihame sijafanya hivyo, na yeye hajawahi kuniuliza kwa nini.

Jirani yetu naye nitamjibu. Nitamwambia kwamba hatujakubaliana, na nitamweleza sababu za kila upande kama mlivyonieleza, maana aliuliza kwa wema na anastahili jibu la kweli.

Mzee wa Mkunazini

Vema, mwanangu. Kabla hujaonana na mchungaji wako, mwombe mama akutafutie cheti chako cha ubatizo. Na kama kimepotea, padri wa Wete atatazama katika daftari la mwaka uliozaliwa. Yatakuwapo majina ya wazazi wako wa ubatizo. Kama wako hai, pita uwasalimu.